Mwanamke Aliyeketi: Fani ya Picha ya Mwaka 1800 na Sarufi ya Anwani Yake

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuitazama kazi kwa macho mawili, jicho la fani na jicho la maudhui, kisha kueleza jinsi viwili hivyo vinavyotegemeana. Makala haya yanakusudia kuitumia zana hiyo nje ya uwanja wake wa kawaida, yaani katika picha ya kuchorwa. Picha yenyewe ni ya rangi ya mafuta juu ya turubai, kimo chake sentimeta 81 na upana wake sentimeta 65. Ilichorwa na Marie-Guillemine Benoist, ikaonyeshwa katika Salon ya Paris mwaka 1800 kwa anwani ya Kifaransa *Portrait d'une négresse*, ikanunuliwa na serikali ya Mfalme Louis wa 18 mwaka 1818, na tangu hapo imekuwa mali ya jumba la makumbusho la Louvre. Inamwonyesha mwanamke mweusi aliyeletwa Ufaransa kutoka kisiwa cha Guadeloupe pamoja na jamaa ya shemeji wa mchoraji, aliyefanya kazi melini.

Msomaji wa Uvira ana haki ya kuuliza picha hii inatuhusu nini sisi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Inatuhusu kwa sababu swali inaloliibua, la mtu aliyepewa sura lakini akanyimwa jina, ni swali la kumbukumbu zetu wenyewe za karne ya 19. Hoja tutakayoitetea ni kwamba fani ya picha hii inamtendea mwanamke huyo kama mtu wa heshima ilhali anwani yake inamtendea kama mfano wa aina, na kwamba mpasuko huo haukuishia kwenye anwani. Umo pia ndani ya fani.

Urasimi Mpya kwa ufupi

Neno urasimi linajulikana kwa wanafunzi wetu kutokana na nadharia za fasihi. Katika uchoraji, Urasimi Mpya ni mkondo uliotawala Ufaransa tangu robo ya mwisho ya karne ya 18, baada ya kufukuliwa kwa magofu ya Herculaneum na Pompeii (kazi iliyoanza mwaka 1738 na 1748) kuwarudishia Wazungu hamu ya mambo ya kale ya Wagiriki na Warumi. Wachoraji wake waliupa mstari cheo juu ya rangi. Walipendelea umbo lililo wazi mipaka yake kama sanamu ya marumaru, nafasi isiyo na kina kirefu, mwanga mtulivu na mapambo machache. Kiongozi wao alikuwa Jacques-Louis David. Itawafaa Wakongo kujua kwamba David alifia uhamishoni Brussels mwaka 1825, na kwamba picha yake mashuhuri ya Marat aliyeuawa imetundikwa katika mji huohuo. Wananchi wenzetu wengi waliosoma huko wamepita mlangoni pake bila kuingia.

Benoist alizaliwa mwaka 1768. Alifundishwa kwanza na Élisabeth Vigée Le Brun, mchoraji wa malkia, kisha akaingia katika karakana ya David. Kwa hiyo alipoketi mbele ya mwanamke wa Guadeloupe alikuwa tayari na kanuni mkononi: namna ya kumkalisha mtu, namna ya kumvisha, na namna ya kumtenga na vitu vinavyomzunguka.

Mpangilio wa picha

Tuanze na kile kisichokuwapo. Nyuma ya mwanamke hakuna dirisha, pazia, mti wala bahari. Kuna ukuta mtupu wa rangi hafifu, kati ya kijivu na mchanga. Picha nyingi za Ulaya za karne ya 18 zilimweka mtu mweusi pembeni akibeba sinia, akishika mwavuli au akimtazama bibi yake kutoka chini, na weusi wake ulitumiwa kuung'arisha weupe wa bibi huyo. Hapa hakuna bibi. Usuli mtupu umemwondolea mwanamke huyu kazi zote ambazo picha za awali zilimtwika mtu wa rangi yake, na jicho la mtazamaji halina pengine pa kwenda isipokuwa kwake.

Aidha, usuli hafifu ulitatua tatizo la ufundi. Chuo cha uchoraji kilikuwa kimewazoesha wanafunzi wake kujenga umbo la mwili kutoka kwenye weupe kuelekea kivuli. Ngozi nyeusi mbele ya usuli mweusi ingepoteza mstari wake, na mstari ndio uhai wa Urasimi Mpya. Benoist aliigeuza kanuni hiyo: akauweka ukuta na nguo katika mwanga, na ngozi akaijenga kwa tabaka za kahawia zenye mng'ao begani, shingoni na kwenye paji la uso. Matokeo yake ni kwamba mzingo wa bega na wa shingo unasomeka kwa usahihi ambao picha nyingi za wanawake weupe wa wakati huo hazina.

Umbo la jumla ni pembetatu, kilele chake kikiwa kilemba na kitako chake kikiwa mikunjo ya nguo. Mwanamke ameketi akiwa amegeuza mwili kidogo upande, lakini uso umeelekezwa kwetu. Mkao huo, ambao si wa kutazamana ana kwa ana wala si wa ubavuni kabisa, ulikuwa mkao wa heshima katika picha za watu tangu enzi za Raphael; humpa mtu uwezo wa kutugeukia kwa hiari yake. Mkono uliokunjwa mbele ya mwili unashikilia kitambaa, na kwa kufanya hivyo unaufunga mzunguko wa mistari inayoshuka kutoka kichwani. Kilemba cheupe, kilichofungwa kwa mikunjo mingi, kimechorwa kwa bidii ileile aliyoitoa kwa uso. Sikioni kuna hereni ya duara ya dhahabu, nayo ndiyo pambo pekee.

Kiti nacho kinasema. Si kigoda cha jikoni wala mkeka bali ni kiti cha kuegemea, cha sebule ya watu wenye nafasi. Juu yake limetandazwa shali la buluu. Kiunoni nguo nyeupe imekazwa kwa utepe mwekundu. Buluu, nyeupe na nyekundu ni rangi za bendera ya Mapinduzi, na wahakiki wengi wameona humo ukumbusho wa sheria ya tarehe 4 Februari 1794 iliyofuta utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Tafsiri hiyo ina nguvu, lakini isichukuliwe kuwa ushahidi wa nia ya mchoraji. Familia yake haikuwa ya wanamapinduzi wakali, na rangi tatu huweza kukutana katika picha bila ya bendera kukusudiwa.

Ili kuipima heshima ya mpangilio huu, inafaa kuilinganisha picha yetu na ile ya Madame de Verninac aliyochora David mwaka 1799, ambayo nayo iko Louvre. Huko pia mwanamke ameketi kitini, nguo yake ni nyeupe ya mtindo wa kale, ana shali, na ukuta wa nyuma ni mtupu. Benoist amelichukua umbo ambalo mwalimu wake alilitumia kwa mke wa mwanadiplomasia, akampa mtumishi kutoka Guadeloupe. Kwa mtu aliyeelimika wa Paris wa mwaka 1800, aliyeijua lugha ya mikao na viti, jambo hilo lilisomeka bila maelezo.

Lakini kuna tofauti moja, nayo si ndogo. Madame de Verninac amefunikwa kifua chake. Mwanamke wa Benoist ameachwa ziwa moja wazi. (Kiswahili kina bahati ya kuyaita kwa jina moja maji yanayotulisha sisi wa Uvira na titi linalomlisha mtoto, Kifaransa hakina ufasaha huo.) Wanaoitetea picha hukumbusha kwamba Uhuru na Jamhuri vilichorwa mara nyingi kama mwanamke mwenye kifua wazi, na kwamba Raphael mwenyewe alimchora hivyo mwanamke aitwaye La Fornarina, akiwa na kilemba na mkono mbele ya kifua. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, La Fornarina haikuwa picha ya kumtambulisha mwanamke wa heshima mbele ya umma, na Uhuru si mtu. Mwanamke aliye hai, mwenye nyumba na mume wa cheo, hakuonyeshwa hivyo katika Salon. Mwili wa mwanamke mweusi ndio ulioweza kufunuliwa bila ya familia yoyote kulalamika, kwa sababu sokoni ulikwisha kufunuliwa. Kwa maoni yetu hapa ndipo fani inapojipinga yenyewe: kiti kinampa cheo ambacho nguo iliyoshushwa inakitilia shaka.

Sarufi ya anwani

Tukirudi kwenye anwani ya mwaka 1800, tunakuta maneno matatu yanayofanya kazi kubwa. *Portrait* huahidi mtu mmoja mahususi. *Négresse* hutaja rangi na jinsia kwa pamoja kwa msaada wa kiambishi tamati, bila kutaja chochote kingine. Katikati limekaa neno dogo *une*, nalo ndilo linaloivunja ahadi ya neno la kwanza.

Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Tukisema "Picha ya mwanamke mweusi", hatujasema kama mwanamke huyo anajulikana au la. Mfasiri hulazimika kuchagua. Akisema "yule mwanamke", kwa kukitanguliza kionyeshi mbele ya nomino, anawachukulia wasomaji kuwa wanamfahamu. Akisema "mwanamke mmoja mweusi", amemfanya kuwa mmoja kati ya wengi walio sawa naye. Akisema "mwanamke fulani mweusi", amefanya jambo tofauti kabisa, kwani fulani ni mtu ambaye msemaji angeweza kumtaja ila hamtaji. Kwa upande wa mchoraji, *une* ilikuwa fulani: mwanamke aliketi mbele yake siku kadha wa kadha, na jamaa za mumewe walimjua. Kwa upande wa watazamaji wa Salon, waliomkuta katika orodha iliyochapishwa, *une* ilisomeka kama mmoja. Maana mbili zilijificha katika neno moja, na ile ya pili ikashinda kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Neno mweusi nalo lina mzigo wake. Katika mazungumzo ya kawaida ya Uvira hakuna anayemweleza jirani yake kuwa mtu mweusi, kwa sababu sifa isiyotofautisha haina kazi katika sentensi. Anayetajwa kwa rangi ni Mzungu. Paris ilifanya vivyo hivyo kwa upande wake, na ndiyo sababu David hakuwahi kuiita picha ya Madame de Verninac "picha ya mwanamke mweupe". Mhakiki mmoja wa wakati huo alithubutu hata kulichezea neno la Kifaransa lenye maana ya weusi na ya uovu kwa pamoja, akishangaa kwamba mkono mweupe na mzuri wa mwanamke umeweza kutenda kitu kama hicho.

Sahihi ya mchoraji nayo imo ndani ya turubai, mahali pa wazi: *Laville Leroulx f. Benoist*. Herufi f. ni kifupi cha neno *femme*, yaani mke. Jina la baba linatangulia, la mume linafuata. Hata aliyeshika brashi alilazimika kujitambulisha kwa wanaume wawili, lakini alitambulika. Mumewe alipopewa cheo kikubwa serikalini mwaka 1814, ilimpasa kuacha kuonyesha kazi zake hadharani; alifariki mwaka 1826.

Kwamba jina lingewezekana, tunalo thibitisho la karibu sana. Miaka miwili kabla ya picha yetu, katika Salon ya mwaka 1798, Anne-Louis Girodet, naye mwanafunzi wa David, alionyesha picha ya Jean-Baptiste Belley. Belley alizaliwa Gorée karibu na Dakar ya leo, akapelekwa utumwani Saint-Domingue, akajinunulia uhuru, akawa askari na hatimaye mbunge aliyeingia katika Bunge la Paris mwezi Februari 1794, siku moja kabla ya utumwa kufutwa. Girodet alimchora akiwa ameegemea sanamu ya marumaru ya Abbé Raynal, mwandishi aliyeshutumu utumwa, na orodha ya Salon ikamtaja kwa jina na kwa wadhifa. Huku kwetu Afrika ya Mashariki tuna mfano mwingine: Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said wa Zanzibar, aliyefika New York na meli ya Sultana mwaka 1840 na kuchorwa huko na Edward Mooney. Yeye pia jina lake limebaki na picha yake. Mbunge na balozi walikuwa na hati zilizowataja. Mwanamke wa Benoist hakuwa na wadhifa ambao ungemlazimisha karani aandike jina.

Wala wadhifa haukuwa kinga ya kudumu. Mwaka 1802 Napoléon Bonaparte aliurudisha utumwa. Huko Guadeloupe Louis Delgrès na wenzake walijilipua Matouba tarehe 28 Mei kuliko kusalimu amri. Belley alikamatwa mwaka huohuo na kufungwa Belle-Île, akafa mwaka 1805.

Vichwa na mashua

Tarehe 26 Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Burton aliieleza bandari yetu kuwa ghala kuu la kaskazini, mahali ambapo watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyuma vilipatikana kwa bei nafuu. Kitabu chake cha mwaka 1860 kina michoro iliyochongwa kwenye mbao, na mmoja wapo una anwani ambayo kwa Kiswahili ni "Vichwa vya Kiafrika, na mashua ya kuvushia". Msomaji aisome tena polepole. Kiunganishi "na" kimevilinganisha vitu viwili vya ngazi moja: vichwa vya watu na chombo cha maji.

Tukiutumia mzani uleule wa fani, tofauti na kazi ya Benoist ni kubwa. Kichwa kilichotengwa na mwili hakina mkao, na pasipo mkao hakuna kiti, hakuna mkono unaoshika nguo, hakuna nafasi ambayo mtu ameikalia na kuifanya yake. Anwani ya Paris ilimgeuza mtu kuwa aina huku picha ikikataa. Katika kitabu cha Burton picha na anwani vimekubaliana. Na hata pale jina linapotajwa, halimwokoi mwenyewe: mchoro mwingine wa kitabu hicho unamtaja Mabruki, mmoja wa watu wa msafara, lakini jina lake limetanguliwa na kivumishi kinachomfananisha na fahali.

Mabruki, yaani aliyebarikiwa, lilikuwa jina la kawaida la kupewa mtumwa pwani na barani, pamoja na Baraka, Faraji na Feruzi. Majina hayo bado yanaitwa katika nyumba za mwambao wetu, na wanaoyabeba wanayabeba kwa heshima ya babu zao. Hapa pana somo la tahadhari kwa wanaodhani kwamba kulipata jina ni kumaliza kazi. Mwaka 2019 jumba la Musée d'Orsay liliandaa maonyesho juu ya watu weusi waliowakalia wachoraji wa Ufaransa, na humo picha ya Benoist ikatundikwa kwa anwani mpya, *Portrait de Madeleine*. Kabla ya hapo anwani ilikuwa imekwisha kulainishwa kuwa picha ya mwanamke mweusi. (Vijana wetu wengi walikuwa wameiona mwaka mmoja kabla, katika video ya wimbo ambayo Beyoncé na Jay-Z waliirekodi ndani ya Louvre.) Madeleine ni jina la ubatizo la Kikatoliki, la aina waliyopewa watumwa wa visiwa vile. Linamtenga na wengine, nalo ni bora mara nyingi kuliko *une négresse*. Lakini ni jina la upande uleule wa Mabruki: limetolewa na aliyekuwa na uwezo wa kutoa.

Kwa upande wetu wa ziwa na nchi zinazopakana nalo hali mara nyingi ni kinyume. Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba aliyeuzwa mara kumi mwishoni mwa karne ya 19, alimsimulia mmisionari Dugald Campbell maisha yake, na masimulizi hayo yakachapishwa. Tunajua jina lake la nyumbani, tunajua alivyobadilishwa kwa bidhaa, na tunajua alivyojikomboa. Mwanafunzi anayemsoma Bwanikwa kwanza, kisha akaitazama picha ya mwaka 1800, huitazama kwa subira nyingine. Hatafuti tena huzuni au fahari usoni, kama wafanyavyo wahakiki wengi kwa wepesi ambao mimi siuamini. Hutazama mkono ulivyoshika kitambaa, na hujiuliza ni nani aliyeamua kiachwe kishuke hadi hapo na kisizidi.

Katika mihadhara yetu anwani mpya huandikwa ubaoni kwa Kiswahili: *Picha ya Madeleine*. Chini yake huandikwa ile ya mwaka 1800, kwa Kifaransa, bila tafsiri. Wanafunzi huuliza kwa nini ya pili haikutafsiriwa. Huombwa kwanza waseme kama watatumia "mmoja" au "fulani", na saa nzima inayobaki huishia hapo.